Dubai ya boriti na Dubai ya mwaka 2071: mwongozo kamili wa makumbusho na sehemu mpya za kutembelea, hatua kwa hatua

Kila mwaka napokea wageni kutoka nyumbani. Wengine wanakuja kuchukua mzigo wa duka Kariakoo, wengine wanasubiri ndege ya kuunganisha, wengine ndugu tu wamekuja kunijulia hali, na karibu wote siku ya kuondoka ukiwauliza Dubai umeona nini watakwambia Deira, maduka ya simu, Deira tena, na picha moja Burj Khalifa iko kwa mbali nyuma ya bega. Inaniuma kwa kweli, maana huu mji kwa miaka kama kumi hivi umefungua makumbusho na sehemu za kuona ambazo watu wanapanda ndege kutoka mbali kuzifuata, halafu sisi ambao babu zetu walikuwa wanafanya biashara na hii pwani tangu enzi za majahazi tunapita tu mlangoni na mabegi ya mzigo.

Kwa hiyo nimeamua niandike yote, namna ninavyowazungusha wageni wangu, nini cha kulipia, nini cha kuacha, na uanzie wapi. Msimamo wangu nausema mapema kabisa: anza na Dubai ya zamani ndo uende kwenye ile ya teknolojia. Ukianza na mataa na maskrini, ukija kwenye nyumba za matumbawe utaona zimepoa, lakini ukianza na za matumbawe, zile za teknolojia zinapata maana.

HATUA YA 1: Panga kabla hujatoka nyumbani

Viza sitaingia ndani, kila mtu ana njia yake. Nitasema moja tu, kama unapita Dubai kwenda kwingine ulizia shirika lako la ndege mapema kuhusu viza ya transiti, ipo ya saa 48 na ya saa 96, na inaombwa kabla ya safari, sio ukishatua.

Msimu: Novemba mpaka Machi ndo hali ya hewa nzuri, unatembea nje unafurahi. Juni mpaka Septemba ni moto, nyuzi joto 40 na zaidi, na ule unyevu wa bahari, mtu wa Dar au Mombasa unadhani umezoea joto ila hili ni jingine. Uzuri wa makumbusho ni kwamba karibu yote yako ndani kwenye kiyoyozi na hoteli zinashuka bei wakati huo, kwa hiyo ukija Julai sio mwisho wa dunia, ila kutembea kwa miguu fanya baada ya Magharibi.

Ramadhani muda wa kufungua na kufunga unabadilika karibu kila mahali, angalia kwanza. Wikiendi ya kule tangu Januari 2022 ni Jumamosi na Jumapili, Ijumaa ofisi za serikali zinafanya kazi nusu siku. Makumbusho yanajaa sana Jumamosi jioni, ukiweza nenda Jumanne au Jumatano asubuhi.

Halafu hili la saa, usilicheke, nimeona watu wamepoteza tiketi. Dubai iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Tiketi za kule zina muda wa kuingia na zinaandikwa 16:00, hiyo ni saa kumi jioni ya kwetu, ukijichanganya umekwenda na maji. Simu ikishabadilika yenyewe ukitua, fuata simu, usihesabu kichwani.

Tiketi nunua kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe. Mimi mwaka fulani nilinunua kwa mtu wa kati mtandaoni nikidhani nimepata nafuu, kumbe nimelipa zaidi ya bei ya mlangoni na tarehe wameandika ya kesho yake, na mgeni wangu anaondoka usiku uleule. Ile hela haikurudi.

Kuhusu pesa, dirham imefungwa kwenye dola, dola 1 ni dirham 3.67 miaka nenda rudi, kwa hiyo ukijua dola leo iko shilingi ngapi gawanya kwa 3.67 unajua dirham yako. Bei nitakazotaja zichukue kama mwanga, zinapanda kidogo kidogo, hakiki kabla ya kulipa.

Na kanuni yangu kuu ni sehemu mbili kwa siku, basi. Shangazi yangu alipokuja mara ya kwanza nilitaka kumwonyesha kila kitu, nikampeleka sehemu nne siku moja, ya tatu tu miguu imevimba, amekaa kwenye benchi amevua viatu ananiambia mwanangu we endelea mimi nakusubiri hapa. Nilijisikia vibaya mno. Makumbusho yanachosha kuliko soko, sokoni unakaa unapatana bei, kule umesimama muda wote.

HATUA YA 2: Kadi ya Nol na usafiri

Ukifika chukua kadi ya Nol ya silva kwenye stesheni yoyote ya metro, hata za eyapoti, dirham 25 na ndani yake kuna 19 za kutumia. Inafanya kazi metro, basi, tramu na baadhi ya boti. Nauli ya metro ni dirham 3 ukiwa ndani ya zoni moja, 5 zoni mbili, 7.5 ukivuka zaidi. Kila mtu awe na yake, mkigonga kadi moja watu wawili haikubali.

Kuna laini mbili za kujua, Nyekundu na Kijani, na zinakutana sehemu mbili, Union na BurJuman. Ukishaelewa hizo stesheni mbili umemaliza metro ya Dubai. Usile wala kunywa ndani ya metro, hata bigijii, ni faini. Pia kuna behewa la wanawake na watoto lina mstari wa rangi ya waridi chini, wanaume huwa wanaingia bila kujua wanapigwa faini, angalia chini kabla hujapanda. Na mwisho mmoja wa treni, mbele au nyuma kabisa, kuna behewa la Gold, la daraja la juu, kadi ya silva haikuruhusu humo.

Teksi ni salama na zina mita, ila hata safari fupi ina kiwango cha chini cha kama dirham 12, kwa hiyo mkiwa wanne wakati mwingine teksi inawatoka vizuri kuliko metro.

HATUA YA 3: Siku ya kwanza, Shindagha

Hapa ndo nataka uanzie na hapa nitakaa kidogo mnivumilie.

Al Shindagha ni mtaa ulio mdomoni mwa Khor, ule mkono wa bahari unaoingia katikati ya mji, ndipo ukoo wa Al Maktoum, watawala wa Dubai, walipokuwa wanaishi. Nyumba za zamani zimekarabatiwa zikageuzwa makumbusho moja kubwa yenye mabanda zaidi ya ishirini, kila nyumba na mada yake. Panda laini ya Kijani shuka Al Ghubaiba, unatembea kama dakika kumi unafuata maji. Au njia ninayoipenda mimi: nenda upande wa Deira, kwenye soko la zamani, panda abra, ile boti ya mbao, dirham 1 tu, unavuka Khor umekaa pembeni upepo unakupiga, unashukia Bur Dubai halafu unatembea ukingoni mpaka Shindagha. Hakuna kitu Dubai nzima kwa dirham moja kinachoshinda hicho. Beba sarafu.

Tiketi ni dirham 50 mtu mzima, watoto na wanafunzi chini ya hapo, inakuingiza kwenye nyumba zote. Inafunguliwa saa nne asubuhi, fika mapema kabla jua halijawa kali maana kutoka nyumba moja kwenda nyingine unapita nje.

Anza na nyumba inayoelezea Khor na kuzaliwa kwa mji. Kuna filamu inaonyeshwa ukutani kote, unaona kijiji cha wavuvi na wazamia lulu kinavyokuwa mji, lulu zinavyoanguka bei miaka ya 1930 Wajapani walipoanza kuzalisha lulu za kufuga na dunia nzima imekwama kiuchumi, na watu hapa wakabaki na njaa. Halafu Sheikh Rashid, mtawala wa Dubai wa wakati huo, anakopa hela kuchimba Khor iwe na kina, kazi imeanza 1959 hata mafuta hayajapatikana, mafuta ya Dubai yamepatikana 1966. Hilo huwa nawaambia wageni wangu walirudie mara mbili. Watu wanasema Dubai ni mafuta tu, kumbe bandari ilitangulia.

Sasa ukiwa ndani ya hizo nyumba, kabla hujasoma kibao chochote, inua kichwa uangalie dari. Unaona zile nguzo nyembamba za mviringo zimepangwa moja baada ya nyingine? Ni boriti. Boriti za mikoko, zilezile za nyumba za Lamu na Mji Mkongwe. Huku wanaziita chandal, na huku hazioti za kutosha kujengea, zilikuwa zinakuja na majahazi kutoka Lamu na Delta ya Rufiji. Majahazi yalishuka na kaskazi yamebeba tende na chumvi na mazulia, yakasubiri upepo ugeuke, kusi ikianza yanarudi Ghuba na boriti. Ndo maana vyumba vya zamani vya huku ni vyembamba na virefu kama vya Lamu, upana wa chumba unaamuliwa na urefu wa boriti, mkoko haukupi nguzo ya mita kumi. Biashara hiyo iliendelea miaka mingi sana, Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982. Na kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, tena kama kwetu.

Mgeni wangu mmoja, mzee wa Kibiti, aliposimama chini ya dari ile alinyamaza muda mrefu, halafu akasema baba yake alikuwa mkata boriti na hakuwahi kujua zinakwenda wapi. Tangu siku hiyo nikaamua kila mgeni wangu anaanzia hapa.

Angalia pia ile minara ya mraba juu ya nyumba, barjil, ni minara ya kukamata upepo. Imefunguka pande nne, upepo ukipiga kutoka upande wowote unashushwa chini chumbani, ukisimama chini yake hata siku ya joto unausikia. Wafanyabiashara kutoka kusini mwa Iran ndo walioleta ujenzi huo.

Halafu Nyumba ya Manukato. Hii kwa mtu wa pwani usipoingia umejidhulumu. Kila kitu unanusa, kuna vifaa unasogeza pua harufu inakuja, udi, miski, ambari, zafarani, waridi, mmoja mmoja halafu namna vinavyochanganywa. Utaona vyetezo na vikopo na vichupa, utamkumbuka bibi yako. Niliwahi kuingia na dada mmoja wa Tanga akawa ananielekeza mimi nyumba nzima, hiki tunafukizia nguo, hiki cha harusi, hiki cha nywele, yule mhudumu akasogea na yeye anasikiliza.

Tenga saa tatu kwa Shindagha. Ukitoka mchana kula maeneo ya Al Ghubaiba au rudi Deira, chakula cha Wahindi na Wapakistani cha bei ya chini kimejaa, biriani unashiba.

Jioni ya siku hiyo, kama miguu inaruhusu, nenda Maktaba ya Mohammed bin Rashid, mwisho kabisa wa laini ya Kijani, stesheni ya Creek, halafu unatembea au teksi fupi. Ilifunguliwa Juni 2022, ghorofa saba, na jengo lenyewe lina umbo la marufaa, ndio, marufaa ya kuwekea Msahafu, ukiiona kutoka mbali juu ya maji unaitambua mara moja. Ina zaidi ya vitabu milioni moja na kuingia ni bure, unajiandikisha mtandaoni kwanza na unakwenda na kitambulisho. Juu kuna maonyesho ya misahafu na vitabu vya kale na ramani za zamani. Kama una watoto ina maktaba yao, wamekaa kimya wenyewe sijawahi kuona.

HATUA YA 4: Siku ya pili, Makumbusho ya Wakati Ujao

Hili ndo lile jengo la umbo la yai lenye tundu katikati, limeandikwa Kiarabu mwili mzima, liko barabara ya Sheikh Zayed. Kwenye vibao utaona Museum of the Future. Laini Nyekundu, stesheni ya Emirates Towers, unatoka kwa daraja la juu hukanyagi barabara.

Lilifunguliwa tarehe 22 Februari 2022. Urefu mita 77, ghorofa saba, na ndani hakuna nguzo hata moja katikati, uzito wote umebebwa na mtandao wa vyuma uliofichwa ukutani. Nje limefunikwa vipande 1,024 vya chuma kisichoshika kutu, na yale maandishi sio mapambo, ndo madirisha yenyewe, mwanga wa ndani unapita kwenye herufi. Mwandishi wa hati ni msanii Mattar bin Lahej, maneno ni ya Sheikh Mohammed bin Rashid, mtawala wa Dubai, na msanifu wa jengo ni Shaun Killa. Kile kilima cha kijani chini ni ardhi, jengo ni binadamu, na tundu ni yale tusiyoyajua bado. Mimi hilo tundu ndo nalipenda kuliko kila kilichomo ndani. Kujenga jengo la gharama vile halafu ukaacha katikati wazi kwa sababu kuna mambo hujui, hiyo ni adabu.

Tiketi ilianza dirham 149, siku hizi iko juu kidogo ya hapo. Watoto wadogo chini ya miaka minne bure, na mwenye ulemavu anaingia bure na msaidizi wake mmoja. Nunua siku kadhaa kabla, hasa Desemba. Chagua muda wa asubuhi, au kama unataka picha za nje chagua alasiri ili ukitoka iwe usiku, herufi zinawaka, zikinyooshwa zote ni mita 14,000 za maandishi ya mwanga.

Ndani unakwenda kwa mpangilio, unaanzia juu unashuka:

Kwanza unaingia kwenye lifti ambayo wameigeuza chombo cha anga, madirisha yake ni maskrini, unaona Dubai inabaki chini, mawingu, giza, mpaka unafika kituo cha anga kinachoitwa OSS Hope, kilomita 600 juu ya dunia, mwaka 2071. Mwaka huo hawakuuokota tu, ni miaka mia ya nchi yao, Falme za Kiarabu, iliyoungana 1971. Watoto hapa wanapiga kelele na watu wazima pia.

Unashuka kwenye taasisi ya HEAL, na hapa punguza mwendo. Wametengeneza kwa mwanga na sauti kipande cha msitu wa Amazon, kipande halisi cha Leticia kule Colombia, halafu unaingia kwenye chumba cha giza chenye vichupa 2,400 vinavyowaka, kila kimoja kiumbe chake, unapewa kifaa unachagua kiumbe unasoma habari zake. Kila ninaposimama pale nawaza Usambara na Udzungwa, misitu yetu ina viumbe ambavyo haviko popote duniani na hatuna hata chumba kimoja cha namna ile cha kuwaonyesha watoto wetu wa shule. Vichupa na taa sio teknolojia ya ajabu kihivyo, ni nia.

Chini yake kuna Al Waha, maana yake chemchemi ya jangwani, hapo wanataka uweke simu mfukoni. Kuna sehemu ya mtetemo, ya sauti, ya maji. Wageni wengi wanapita haraka wakitafuta picha nyingine. Mimi nakushauri kaa, ndo sehemu utakayopumzisha miguu.

Halafu ukumbi wa teknolojia zinazotumika sasa au zinazokaribia, na mwisho sehemu ya watoto chini ya miaka kumi. Jumla saa mbili na nusu hadi tatu. Kama umekuja na mzazi mtu mzima ulizia kiti cha magurudumu mapema mapokezi, usione aibu, jengo zima lina lifti.

Mchana au jioni yake, ukiwa bado na nguvu, teksi fupi mpaka Makumbusho ya Etihad kule Jumeirah, dirham 25 tu na hayajai watu. Yako pale walipotia saini umoja wa nchi Desemba 2, 1971, paa limepinda kama karatasi ya mkataba na nguzo saba zimechongwa kama kalamu zilizotumika. Kwa Mtanzania aliyekua anasikia habari za Muungano wetu, kuona wenzetu wameutengenezea wao makumbusho ya namna hii ni somo, utatoka na maswali.

HATUA YA 5: Siku ya tatu, chagua moja

Hapa inategemea uko na nani.

Kama una vijana wanaopenda picha, waende AYA, iko ndani ya jengo la maduka la Wafi, laini ya Kijani stesheni ya Dubai Healthcare City. Ilifunguliwa Desemba 2022, ina vyumba 12, kila chumba dunia yake, mto wa mwanga, maua yanayofunguka ukisogea, nyota kila upande. Ninavyoelewa inavyofanya kazi ni maskrini, projekta, vioo na vihisio vinavyojua umesimama wapi, kwa hiyo usikimbie, simama sekunde kadhaa kitu kikuitikie. Mambo matatu: vaa suruali au nguo ndefu ya kukubana kidogo maana kuna sakafu za vioo, vaa nguo nyeupe au ya rangi moja mwanga ukukae vizuri, na zima fleshi, inaua picha. Kuanzia kama dirham mia na kitu. Saa moja na nusu umemaliza. Kiukweli hakuna cha kujifunza pale, ni kufurahisha macho, na kufurahisha macho sio dhambi ila usiichukue hii ukaacha Shindagha.

Kama una watoto wa shule au wewe mwenyewe una kiu ya kujua, nenda Expo City, palipofanyika maonyesho makubwa ya dunia ya 2020 ambayo kwa sababu ya korona yakafanyika Oktoba 2021 mpaka Machi 2022. Laini Nyekundu mpaka mwisho, stesheni ya Expo 2020, mbali kutoka Deira, jipe zaidi ya saa moja. Hakiki kwanza siku hiyo ni mabanda gani yako wazi. Terra ni ya mazingira, unashuka chini ya mizizi ya miti halafu chini ya bahari. Alif ni ya safari na usafiri, unapandishwa na lifti inayobeba watu 160 kwa mpigo, ukitoka unakutana na masanamu makubwa ya wasafiri wa kale, mita tisa kwenda juu, mmoja ni Ibn Battuta na mwingine baharia Ibn Majid. Ibn Battuta huyohuyo aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na akaisifia Kilwa kwa uzuri wake. Waambie watoto hapohapo mbele ya sanamu, huyu alifika kwetu. Wataliangalia tofauti.

Burj Khalifa watu lazima wataniuliza. Ni mita 828, ukitaka kupanda panda, ila ukibana matumizi sio lazima, tazama kutoka chini usiku. Na Dubai Frame, ile fremu ya dhahabu ya mita 150, ni dirham 50 hivi, unaona mji wa zamani upande mmoja na mpya upande wa pili. Nzuri, ya nusu saa.

HATUA YA 6: Ukiwa na siku ya nne, Abu Dhabi

Ni mji mwingine ila usiache kama una siku. Basi namba E100 linatoka Al Ghubaiba, dirham 25 kwa kadi ileile ya Nol, karibu saa mbili njiani. Toka asubuhi sana. Ukifika Abu Dhabi mabasi ya ndani hayatumii Nol, wana kadi yao inaitwa Hafilat, au chukua teksi moja kwa moja mpaka kisiwa cha Saadiyat.

Kisiwa hicho wamekusanya makumbusho jirani jirani. Kuna Louvre Abu Dhabi ya tangu Novemba 2017, kuna teamLab Phenomena iliyofunguliwa Aprili 2025, hii ni kama AYA ila kubwa zaidi na yenye mawazo zaidi, kuna sehemu unavua viatu unaingia majini kwa hiyo beba suruali ya kukunja. Kuna Makumbusho ya Historia ya Viumbe na Dunia ya Novemba 2025, ndani yake yuko Stan, mifupa ya dinosaria aina ya T. rex ya miaka milioni 67 iliyouzwa mnadani 2020 kwa dola milioni 31.8. Na kuna Makumbusho ya Taifa ya Zayed, Desemba 2025, yale yenye minara mitano kama manyoya ya bawa la kozi.

Huwezi yote. Chukua mawili. Mimi naanza na Louvre, imefungwa Jumatatu, kumbuka. Ni kwa sababu ya kuba, kipenyo mita 180, tabaka nane za nyota za chuma 7,850, jua likipita linadondosha madoa ya mwanga sakafuni na ukutani yanatembea kadiri jua linavyosogea. Msanifu, Jean Nouvel, aliliwaza kutokana na makuti. Mtu aliyekulia chini ya banda la makuti atajua hili bila kuambiwa, kaa tu kwenye ngazi za majini uangalie.

Na ambayo ni bure: Nyumba ya Familia ya Ibrahimu, msikiti, kanisa na sinagogi, majengo matatu ya mraba yenye ukubwa uleule, hakuna lililozidi jingine. Yalifunguliwa 2023, unajiandikisha mtandaoni, unavaa kwa heshima. Aliyeyasanifu ni David Adjaye, Mghana aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1966. Wageni wangu wa Dar nawaambia hilo tukiwa mlangoni.

Basi la kurudi usilichelewe, foleni ya jioni kituoni ni ndefu, mimi huwa natoka kisiwani saa kumi.

KWA WENYE SAA CHACHE TU ZA TRANSITI

Ukiwa na viza na saa nane au zaidi kati ya ndege mbili, usiende kwenye maduka. Mzigo uache uwanjani, panda metro laini Nyekundu kutoka tamino ya 1 au ya 3, badilisha Union uchukue Kijani, shuka Al Ghubaiba. Shindagha saa mbili: nyumba ya Khor, nyumba ya manukato, na zile dari. Abra dirham moja mpaka Deira, kula, tembea mpaka Union, uwe uwanjani saa tatu kabla ya ndege. Gharama yote na chakula haifiki dirham 120.